Mstari Unaoshuka

Glenuig, Moidart
9 Oktoba 1934

Kwa Ewen Gillies, Sajenti Mkuu wa Zumari,

Naomba radhi kwa kukaa miaka miwili bila kukuandikia. Radhi hiyo ni ya ukimya peke yake. Kwa yatakayofuata katika barua hii sitaomba radhi, nawe usiitafute.

Mjukuu wangu Sorley alifika hapa Jumamosi kwa likizo ya siku nne. Alikula uji wake, akaweka zumari yake ya kiriba juu ya kabati bila kuifungua, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu utotoni. Akaniambia hakupata medali kwenye mashindano ya zumari huko Inverness. Nikamwambia kukosa medali si ajabu. Wapigaji wazuri ni wengi na medali ni moja. Akasema, "Babu, sikushindwa. Nilitolewa."

Kisha akanipa karatasi ya waamuzi. Imeandikwa: "Koplo MacVarish ametoka nje ya wimbo. Mstari wa tatu." Chini yake pana sahihi tatu. Mbili ni za mabwana wasioweza kupuliza hata filimbi ya mlinzi wa stesheni. Ya tatu ni yako.

Wimbo wenyewe ni Maombolezo ya Kivuko cha Shiel. Nilikufundisha mimi, katika jiko hili, kwa kukuimbia silabi moja moja, kila noti na silabi yake, mpaka ukaweza kuniimbia wote bila kukwama, na ndipo nilipokuruhusu kushika chombo. Hapakuwa na karatasi mezani. Sorley nilimfundisha kwenye meza hiyo hiyo. Katika mstari wa tatu wimbo hushuka mpaka sauti ya chini kabisa na kukaa hapo, kwa sababu hapo ndipo mwanamke anapomwona nduguye ndani ya maji. Haupandi. Niliwafundisha hivyo ninyi wawili, na masikio yenu nyote yalikuwa mazima.

Najua Kitabu cha Chama, hicho wanachohukumia mashindano ya zumari, kinasema unapanda. Kitabu hakikuwahi kuketi jikoni kwangu. Wewe uliketi humo majira manne ya baridi, ukala mkate wangu wa shayiri, kisha ukaenda kuketi kwenye kiti cha mwamuzi na kumtoa mjukuu wangu kwa kuupiga wimbo kama unavyopigwa.

Unastaafu Machi. Kanali atamchagua atakayeshika nafasi yako mwishoni mwa Februari, na kikosi kizima kinajua kwamba kanali huyu, tofauti na yule aliyekupa wewe, hampi mtu asiye na medali. Kwa hiyo hukumnyima Sorley kipande cha dhahabu tu. Umemnyima kazi aliyoandaliwa tangu akiwa na meno ya utotoni.

Andika kwa Chama kabla ya Krismasi kwamba mlikosea. Usipoandika, sitakujua tena.

Fearchar MacVarish
Sajenti Mkuu wa Zumari (mstaafu)


Kambini, Edinburgh
21 Oktoba 1934

Mwalimu,

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Unaniambia habari za uji na mkate. Haya, nami nina zangu. Niliingia kikosini Januari 1914, nikiwa na miaka kumi na minane, kwa sababu ulimwambia mama yangu kwamba mkono kama huu usipotezwe kwenye kondoo. Tulivuka kwenda Ufaransa wapiga zumari kumi na mmoja. Tulirudi watatu. Nilipiga mbele ya vijana wa bonde letu wakitoka handakini, kisha nikapewa machela nikawaokote wale wale niliokuwa nimewapigia. Nilipolala hospitalini Rouen na risasi mkononi, nilikuandikia kurasa tatu. Ulinirudishia kurasa zangu tatu zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Hukuongeza neno lako hata moja. Muuguzi aliniuliza kama baba yangu ni mwalimu wa shule. Nikamwambia, "Afadhali angekuwa."

Baadaye nilipiga Rawalpindi, kwenye joto linalokausha kiriba mpaka kinapasuka kama kigae, nikapiga Kairo, nikapiga kwenye bwalo la maofisa mara nyingi kuliko nilivyolala kitandani kwangu. Sikuomba mtu anisifu. Lakini usinihesabie mikate.

Mwamuzi huhukumu kwa Kitabu. Hiyo ndiyo sheria, sikuiweka mimi. Mabwana wale wawili walikuwa wamekifungua magotini, vidole vyao vikifuata kila noti. Sorley alipiga kitu kisichomo. Tulitia sahihi.

Hayo ndiyo niliyotaka kuandika, na ningeishia hapo. Lakini kuna sentensi moja katika barua yako ambayo hainipi usingizi. Unasema ulitufundisha sisi wawili kwamba mstari wa tatu unashuka.

Mwalimu, mwaka 1923 ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano kuhukumiwa kwa Kitabu. Nilipiga wimbo huo huo, jukwaa hilo hilo. Niliushusha. Waliniandikia kwamba mstari wa tatu haukupanda, nikatolewa. Nilikuja kwako moja kwa moja, nikakwambia nimeupiga ulivyonifundisha. Wewe ulishika mkono wangu wa kushoto, ukaangalia kidole kile kilichopata risasi, ukasema, "Mimi nilikufundisha upande. Ni kidole hiki. Hakiinuki tena."

Nilikuamini. Nilikuwa nimerudi vitani na mambo mengi kichwani mwangu yalikuwa yamehama mahali pake, nikaona hata hili limehama. Sikushindana tena. Nimekuwa mpiga zumari wa gwaride na mwalimu wa makuruta kwa miaka kumi na moja, nikijua kwamba mkono wangu ni mbovu.

Sasa niambie: ulinifundisha nini? Uko wapi ukweli, kwenye barua yako ya mwezi huu au kwenye maneno yako ya 1923? Chama kina kabati la miswada hapa Edinburgh, zile karatasi za penseli zilizotumika kutengeneza Kitabu. Nikipata ruhusa nitakwenda kuzitazama.

E. Gillies


Glenuig
2 Novemba 1934

Gillies,

Nilikuamuru jambo moja. Umenijibu mambo kumi, na lile moja hukuligusa.

Swali lako ni swali la mtu anayetafuta mahali pa kujificha. Mwaka 1923 ni mbali. Ulikuwa mgonjwa, kidole chako kilikuwa kigumu, nilisema niliyoyaona yanafaa kwa mgonjwa. Sasa tunazungumza habari za Sorley, ambaye vidole vyake kumi ni vizima na hakupigwa risasi na mtu yeyote isipokuwa wewe.

Huna haja ya kwenda kufukua karatasi za Chama. Zimeandikwa na watu waliokuwa wakisikiliza kwa penseli. Utapata nini humo ila makosa? Muda utakaoupoteza katika kabati hilo ungeutumia kuandika barua ya mistari mitano, kama ungekuwa na uti wa mgongo.

Watu hapa wameanza kuuliza. Peigi wa posta aliipima barua yangu iliyopita mkononi akaniambia, "Mzee Fearchar, hii ni hasira ya stempu mbili." Padre aliniuliza baada ya Misa kama kijana wetu amekuwa sajenti mkuu bado, maana angependa kulitangaza. Nikamwambia atangaze ndoa za watu.

Sina la kuongeza. Sahihisha kosa lako.

F. MacVarish


Kambini, Edinburgh
25 Novemba 1934

Babu mpendwa,

Usikasirike kwa mwandiko, naandikia gotini, meza wamechukua wacheza karata.

Sajenti Gillies haongei nami isipokuwa kwa amri, na nikimtazama anatazama ukuta. Sijui mmeandikiana nini. Nakuomba Babu, achaneni. Huku nimekwishapewa jina. Naitwa Nje-ya-Wimbo. Nikiingia jikoni mpishi ananiuliza, "Nje-ya-Wimbo, chumvi imekaa sawa, au na yenyewe imeshuka?" Nikipiga mlio wa kuamsha watu, MacPhee wa ngoma anatoa kichwa kwenye blanketi, "Rudi ulale, Koplo, huo si wa kwenye Kitabu." Mimi nacheka nao. Ukinuna ndiyo wanazidi.

Kanali aliniita wiki iliyopita. Hakuwa mkali. Aliniambia, "MacVarish, wewe ndiye mpigaji bora niliye naye, lakini siwezi kuwaambia maofisa kwamba mkuu wao wa zumari alitolewa mashindanoni kwa kutojua wimbo." Atangoja mpaka mwisho wa Februari, kisha atamchukua mtu kutoka batalioni ya pili.

Hapo ndipo nimefikiri. Mkataba wangu unaisha Machi. Binamu yake MacPhee yuko Kanada, anasema wanatafuta watu wa reli, na kuna meli Aprili. Kama nafasi imekwenda sitaki kubaki hapa nikimpigia mtu mwingine saluti kwenye kiti ulichokalia wewe. Usidhani nakutishia, nakwambia ili usisikie kwa Peigi.

Na kuna jambo jingine. Pengine mimi ndiye niliyekosea, Babu. Nilikuwa mdogo uliponifundisha. Labda uliimba upande nami nikasikia ushuke. Watu wote hao na Kitabu chao hawawezi kukosea halafu mimi peke yangu nikawa sawa. Nimeanza kuupiga wa kwenye Kitabu, kila siku baada ya gwaride. Vidole vimeshazoea. Mwaka ujao, nikiwa bado niko, nitaupiga hivyo.

Nakutumia tumbaku.

Sorley


Kambini, Edinburgh
14 Desemba 1934

Mwalimu,

Nimelifungua kabati.

Ni daftari la ngozi ya kahawia, mwandiko wa Bwana Haldane-Ross, ambaye leo ndiye mwenyekiti wa Chama. Wimbo wetu uko ukurasa wa arobaini. Pembeni ameandika, nami nanukuu neno kwa neno ili usinitumie wino mwekundu: "Kutoka kinywani mwa F. MacVarish, sajenti mkuu mstaafu, Moidart, Septemba 1905. Nilimwomba aurudie. Ameimba mara tatu, na mara zote tatu mstari wa tatu ulipanda."

Mara tatu. Mtu akikosea, hukosea mara moja kwa namna hii na mara ya pili kwa namna nyingine. Anayekosea mara tatu kwa namna moja ameamua.

Kwa hiyo Kitabu hakikuharibiwa na wapiga chapa wala na mabwana. Umekiharibu wewe. Kisha Kitabu kilipogeuka kuwa sheria, mtu wa kwanza kuangukiwa nacho nilikuwa mimi, na nilikuja jikoni kwako nikiwa nimeushika mkononi ukweli mzima, ukanipokonya, ukanipa badala yake kidole kibovu. Unajua nilikifanyia nini kidole hiki? Nilikifunga kwa uzi na jiwe kila jioni kwa majira mawili ili kinyooke. Mke wangu alikuwa akitoka chumbani asione.

Nami sasa nitakuambia langu, ili usiseme natafuta mahali pa kujificha. Septemba, Sorley alipofika mstari wa tatu na kushuka, nilijua. Nilijua kabla hajamaliza pumzi ile. Vidole kumi vizima, na vimeshuka pale pale nilipokuwa nimeshuka mimi. Niliwatazama wale mabwana wawili na vitabu vyao, na ningeweza kusema, "Hivi ndivyo nilivyofundishwa nami." Sikusema. Miaka kumi na moja nilikuwa nikiamini kwamba sijui ninachokijua. Nikatia sahihi. Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini kinywa hicho ni wewe uliyekifunga.

Sorley anapiga wimbo wa Kitabu. Anaupiga vizuri sana. Nilisimama nje ya bohari nikamsikiliza, nikataka kuvunja kitu. Katika watu wote waliopata kuupokea kwa kinywa tumebaki watatu, na mmoja yuko humo bohari anaufuta kwa vidole vyake mwenyewe.

Nimemwuliza katibu wa Chama, bila kutaja jina, kama hukumu inaweza kubadilishwa. Anasema inaweza kwa njia moja: yule aliyewaimbia aje mwenyewe mbele ya kamati aseme kwamba aliwaimbia vibaya. Kamati inakutana Inverness tarehe 13 Februari. Sitakwenda kukusemea. Ukibaki nyumbani, Sorley atapanda meli, nawe utabaki na wimbo wako salama jikoni, usiwe na wa kumpa.

E. Gillies


Glenuig
3 Januari 1935

Ewen,

Sherehe za Mwaka Mpya zimepita bila mimi. Walikuja kugonga mlango kama desturi, sikufungua.

Utapata uliyoyadai. Usidhani nayatoa kwa upole.

Mabwana wale walikuja 1905 kuwinda paa katika milima ya mwenye ardhi wa huku. Mvua ikanyesha siku tatu, wakakosa kazi, wakatuma mtu aniite nikawaimbie. Nilikuwa nimetumikia miaka ishirini na miwili, Misri na India, na nilikuwa na medali mbili za Inverness, za zamani, zilipokuwa zikihukumiwa kwa masikio. Walinisimamisha kwenye zulia. Viti vilikuwepo. Nilipoanza kuimba silabi, mmoja wao alimgeukia mwenzake akasema kwa Kiingereza, akidhani askari wa Moidart hakijui, "Kama kuku anayetaga." Wakacheka. Haldane-Ross hakucheka sana, lakini alicheka.

Wimbo ule nilipewa na shangazi yake mama, mwanamke ambaye hakuwahi kushika zumari kwa sababu hakuruhusiwa, naye aliuhifadhi wote kinywani. Aliniambia nisimpe mtu asiyeweza kunyamaza. Basi nilipofika mstari wa tatu nikaupandisha. Walipoomba niurudie nikaupandisha tena, na tena. Wakanipa glasi ya wiski mlangoni. Nilitembea maili sita kurudi nyumbani kwenye mvua nikiwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Nilidhani daftari lile litaoza katika rafu ya bwana fulani. Nani angejifunza zumari kutoka kwenye karatasi? Mwaka 1922 wakalipiga chapa, na 1923 wakakufanya wewe ushindane nalo. Ulipoingia jikoni na karatasi yako ya waamuzi, nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Ningesema, "Nilidanganya," na wapigaji wote wa nchi hii wangejua kwamba MacVarish ametia sumu katika Kitabu. Au ningesema lile nililolisema. Kidole chako kilikuwa mbele yangu, na kovu lake. Kilikuwa rahisi.

Hakikuwa na kosa. Kilikuwa kinainuka vizuri kabisa. Nilikiona.

Sitakuambia kwamba nina huzuni, kwa sababu ungenijibu kwamba huzuni yangu haikupi miaka yako, nawe ungekuwa sahihi. Nina hasira. Nimekuwa na hasira na mabwana wale kwa miaka ishirini na tisa, na wote waliolipa ni watu wa nyumbani kwangu.

Nimemwandikia Sorley haya haya. Niulizie atasemaje.

Fearchar MacVarish


Kambini, Edinburgh
16 Januari 1935

Mwalimu,

Sorley aliisoma barua yako ofisini kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Aliikunja ikawa ndogo kama stempu. Nilidhani atanitukana, nikawa tayari. Akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo Babu alinituma Inverness akijua?"

Hilo si langu. Mjibu wewe.

Siku hiyo hakufanya mazoezi. Jana alitoka bohari akaja kwangu na filimbi ya mazoezi, akasema, "Sajenti, niimbie mstari wa tatu. Mimi siusikii tena sawasawa, naanza vizuri halafu unapanda wenyewe." Mimi, mwalimu, nikajaribu. Nilikuwa sijauimba tangu 1923. Sikuwa na uhakika wa silabi mbili. Tulikaa pale kama watu wawili wanaotafuta funguo gizani, na aliye nazo yuko Moidart amenuna.

Tarehe kumi na tatu ni Jumatano. Basi la Fort William linapita saa moja asubuhi.

E. G.


Inverness, nyumba ya wageni ya Bibi Tolmie
14 Februari 1935

Ewen,

Nilikwenda.

Safari hii walinipa kiti. Nikasimama. Walikuwa watano, Haldane-Ross katikati, mzee sasa, sikio moja halifanyi kazi. Daftari la kahawia lilikuwa mbele yake. Niliwaambia nilichofanya, kwa Kiingereza changu bora, bila kuliacha lile neno la kuku. Alikumbuka kuku. Uso wake ulibadilika rangi, na sikupata raha niliyoitarajia.

Kisha nikaimba wimbo wote. Hakuna aliyecheka. Nilipofika mstari wa tatu nikaushusha na kuukalisha mahali pake, mbele ya watu hao hao.

Haldane-Ross akaniuliza, "Sajenti, mwaka 1905 uliniimbia mara tatu kwa uhakika huu huu. Leo umeniimbia mara moja. Kwa nini niamini hii?"

Nimefundisha watu miaka hamsini na kuwaadhibu kwa majibu mabaya, Ewen. Swali lile lilikuwa zuri kuliko jibu lolote nililokuwa nalo. Mwingine akasema, "Na zile nyimbo nne nyingine ulizotupa siku ile?" Nikamwambia, "Mbili ni sahihi." Waliandika hilo wote watano kwa pamoja. Kwa hiyo jina langu limekwisha. Hadi Pasaka litakuwa limefika kila kambi yenye zumari.

Ndipo nilipowaambia wakatafute karatasi ya waamuzi ya 1923. Iliwachukua nusu saa. Haldane-Ross aliisoma kwa sauti: "Gillies. Mstari wa tatu haukupanda." Akaiweka kando ya ile ya Sorley. Nikawaambia: watu wawili, miaka kumi na mmoja kati yao, na tangu siku ile Gillies hajaupiga isipokuwa wa Kitabu. Sorley hakuweza kuusikia kwake. Walishuka mahali pamoja kwa sababu walitoka mdomo mmoja, na mdomo huo hapo haukuwa na sababu ya kudanganya, maana ulikuwa ukifundisha nyumbani.

Walinong'ona sana. Mwisho wamesema hilo lina uzito, ila halitoshi bila neno lako. Watakuandikia kukuuliza kwa maandishi: je, Septemba ulipotia sahihi, ulijua kwamba ndivyo ulivyofundishwa? Ukisema hukujua, hukumu inabaki. Ukisema ulijua, hutaketi tena kwenye kiti cha mwamuzi. Barua yako ya Desemba ilikuwa mfukoni mwangu. Walikuwa karibu nami kiasi cha kunyoosha mkono. Sikuitoa. Nimekwisha kuwasemea watu wengine vya kutosha katika maisha yangu.

Sitakuamuru. Bado ninakukasirikia kwa sahihi ile, nawe una haki ya kunikasirikia mpaka nizikwe, na sioni kwa nini mmoja wetu aache kabla ya mwenzake.

Mwambie Sorley jibu la swali lake. Ndiyo, nilijua. Nilimtuma nikijua, kwa sababu nilisikia wewe umewekwa kuwa mwamuzi, nikadhani utasema kwa niaba yangu jambo nililoogopa kusema mimi mwenyewe. Nilimtuma mtoto akanifanyie kazi yangu, na sikumwambia ni kazi gani. Mwambie pia kwamba nimeandika silabi zote za mstari wa tatu kwenye karatasi iliyomo humu, kwa mkono wangu. Aziimbe kabla ya kugusa filimbi. Nawe imba naye.

Wanakutana tena Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, siku sita kabla ya kanali kuchagua. Nimemwambia Bibi Tolmie nitabaki na chumba mpaka siku hiyo. Analalamika kwamba nakohoa kwa sauti kubwa. Nitakaa kwenye benchi la nje ya mlango wao mpaka watoke. Wakishaamua nitakuandikia saa hiyo hiyo, na nitaandika walivyosema, mstari kwa mstari, bila kupandisha kitu.

Fearchar